Kikohozi cha Desemba

Baba hurudi Gyumri theluji ikishafika magotini,
begi lina harufu ya treni, saruji imo kwenye kucha.
Miezi tisa anawajengea watu maghorofa huko Samara;
mitatu ni yetu.

Mama huziba dirisha la jikoni kwa matambara,
anayasokomeza kwenye nyufa kwa kisu cha siagi,
maana baridi ya kwetu haina adabu:
haibishi hodi, na ikiingia hukaa kitako.
Baba naye huwasha.

Kopo tupu la samaki ndilo kisahani chake cha majivu.
Ya kwanza kabla ya chai, ya pili pamoja na chai,
ya tatu jirani Mkrtich akija na ubao wa nardi,
baada ya hapo hesabu hunipotea,
dadu zikigonga, wanaume wakibishana,
moshi ukishuka kutoka darini taratibu
kama shuka linalotandazwa juu ya watoto.

Niseme ukweli wangu: niliupenda.
Nyumba isiyo na moshi ilikuwa nyumba isiyo na baba.
Mwezi Mei nilikuwa nikifungua kabati,
nachomeka uso katika koti lake la zamani,
navuta.
Nilikuwa na miaka minane. Nilivuta kwa tundu zote mbili.

Lakini kifua.
Usiku kililia kama paka aliyefungiwa stoo.
Majirani walitoa hukumu: ni kuni za jiko,
ni kutembea peku sakafuni,
ni ukoo wa upande wa mama
(daima, upande wa mama).
Mama akanisugua mgongo kwa vodka na asali.
Baba akaamka, akanibeba, akanizungusha chumbani,
ndevu zake, sweta lake, pumzi yake shingoni mwangu,
akinibembeleza kwa kile kile kilichonikaba.

Daktari Arusyak alikuwa na vidole vya baridi.
"Huanza lini?"
"Desemba," mama alisema.
"Huisha lini?"
"Machi, baba yake akisha—"
akakatika hapo hapo,
kama aliyekanyaga ngazi ambayo haipo.
"Kuna anayevuta sigara nyumbani?"
Nikamuwahi mama: "Hakuna."
Daktari hakubisha. Aliinama, akaninusa utosini
kama mtu anavyonusa maziwa kujua yamechacha,
kisha akaandika.

Njiani mama aliniuliza kwa nini nimesema uongo.
Nikamjibu: wakimfukuza je?
Hakusema neno mpaka mlangoni kwetu.

Walichozungumza usiku ule sikukisikia.
Nilisikia kopo likitupwa kwenye ndoo.

Kesho yake alivaa kofia, akatoka roshani,
nyuzi kumi na nane chini ya sifuri,
akafunga mlango nyuma yake.
Nikasimama upande wangu wa kioo.
Yeye akapuliza, mimi nikapuliza;
pumzi yangu ikafanya ukungu, ukamfuta,
nikaupangusa kwa kiganja, akarudi,
ndevu zimeota barafu,
anahamisha uzito mguu hadi mguu kama msubiri basi.
Akanionyesha kidole: toka hapo, sakafu ni baridi.
Sikutoka.

Aliporudi alininyooshea mikono,
akaishusha,
akavua sweta kwanza.
Akalitundika nje.
Asubuhi lilikuwa limeganda kama ubao,
mikono wazi, halina wa kumkumbatia.

Machi aliondoka, kama kawaida ya Machi.
Nilisubiri mama aende kununua mkate,
nikafungua kabati, nikachomeka uso katika lile koti.
Lilikuwa limefuliwa. Sabuni tupu.
Nikavuta pumzi,
ikashuka yote, mpaka chini kabisa,
bila filimbi, bila kukwama popote,
na ndani yake hamkuwa na mtu.